Kukarabati nyumba mkiwa wawili, kabla ya mvua ya Septemba

(Kiashiria cha kipindi. Muziki unashuka.)

Uwe Nakivale, Rwamwanja, Kyaka au Kyangwali, karibu. Na wewe unayesoma maandishi haya katika kikundi cha wasikilizaji, karibu vilevile. Ukimsomea mwenzio asiyejua kusoma, soma polepole, maana leo kuna vipimo.

Mada yetu ni nyumba: namna mume na mke wanavyoweza kupanga matengenezo na kuyafanya pamoja, kwa fedha kidogo, bila kugombana mpaka majirani wakaja kuamua. Tuko katika kiangazi kirefu, miezi ya Juni mpaka Agosti. Huku kusini magharibi mwa Uganda mvua hurudi Septemba na kuendelea hadi Novemba au Desemba. Ukuta uliosiribwa sasa unalo jua la kuukausha. Ukuta utakaosiribwa mvua ikiwa imeanza utarudi chini na jasho lako.

Tunajenga kwa muda gani?

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo waliofika wakisema watakaa msimu mmoja, na leo wana wajukuu hapa. Hata hivyo, katika nyumba nyingi utakuta mmoja anasema, "Tutengeneze vizuri," na mwingine anajibu, "Nijenge kwa watu kwa nini? Tutarudi nyumbani."

Ugomvi wa namna hii husikika kama ugomvi wa mabati au rangi. Anayekataa kutengeneza sakafu mara nyingi hana chuki na sakafu. Anaona kwamba akishika udongo na kuupiga ukapendeza, amekiri kuwa nyumba aliyoiacha Masisi, Fizi au Uvira iko mbali. Naye anayetaka kutengeneza hajaisahau nyumba hiyo. Amechoka tu kuamka usiku kumhamisha mtoto mahali pasipovuja. Ukiwasikiliza wote wawili, huwezi kumwambia hata mmoja kwamba hana akili.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, ulizaneni: tunatengeneza nyumba hii itufae kwa muda gani? Misimu miwili ya mvua? Miaka mitatu? Hamhitaji kujua kesho italeta nini. Mnahitaji kukubaliana muda mmoja, kisha kila kitu mtakachonunua mkipime kwa muda huo. Mkisema misimu miwili, shitingi mpya inaweza kutosha. Mkisema miaka mitano, shitingi ni hasara na mabati ni akiba.

Kuna jambo la sheria hapa. Kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010, mkimbizi aliyepewa kiwanja katika makazi ana haki ya kukitumia, ila hana mamlaka ya kukiuza wala kukipangisha. Maana yake kwenu ni nyepesi. Mabati, mlango na fremu ya dirisha vinang'oka, mkihama, mnavibeba. Saruji ya sakafu haing'oki. Ndiyo sababu nawashauri wanandoa wengi fedha iende kwenye vinavyong'oka, na kwenye visivyong'oka waweke udongo, mawe na nguvu zao. Mkitaka kuongeza chumba au kusogeza ukuta kuelekea kwa jirani, mwulizeni kwanza kiongozi wa kijiji na ofisi ya makazi. Vivyo hivyo kuhusu miti ya kukata.

Zungukeni nyumba pamoja

Msianze mazungumzo haya usiku, mmoja amerudi kibaruani na mwingine anapuliza moto. Chagueni siku ya mapumziko, mkiwa mmekula, na mtembee kuizunguka nyumba nje na ndani mkiwa na kipande cha mkaa. Kila mahali maji yalipoingia msimu uliopita, wekeni alama ukutani. Waulizeni na watoto. Mtoto anajua vizuri kuliko baba yake ni tone lipi linamwangukia kichwani akiwa amelala.

Alama hizo zina kazi. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo nadhani yamewahi kufanyika katika nyumba nyingi:

"Mama watoto, tuanze na mabati. Watu wanaicheka shitingi yetu."

"Fedha tuliyo nayo inatupa mabati mawili, baba watoto. Mabati mawili hayaezeki nyumba. Na maji yanatuingilia chini."

"Chini wapi?"

"Njoo ushike hapa."

Baba anainama, anaushika ukuta karibu na ardhi. Udongo unamomonyoka mkononi, ukuta umeliwa mpaka usawa wa goti. Maneno yanaisha hapo, na hakuna aliyeshindwa. Fanyeni hivyo hivyo: anayedai kitu kitengenezwe kwanza aonyeshe alama yake, na mwenzake ashike kwa mkono wake.

Kisha pangeni. Linaloweza kuangusha ukuta linakuja mbele, halafu linaloleta ugonjwa, kama moshi, unyevu na vumbi lenye funza. Baada ya hayo yanakuja yanayopendeza macho. Nimesema yanakuja baadaye, sikusema yaachwe. Mtu aliyekimbia na nguo moja ana haki ya kuwa na ukuta mzuri wa kuutazama asubuhi. Rangi tutaifikia.

Fedha, na maji ambayo hayahesabiwi

Fedha ya chakula isiguswe. Tangu 2023 msaada wa chakula nchini Uganda hugawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kaya, na wengi mnajua maana yake mwezi unapofika katikati. Fedha ya nyumba itoke kwingine: zamu yenu ya likelemba, mgao wa kikundi cha kuweka na kukopa, sehemu ya kibarua, faida ya meza ya mama sokoni. Sipendi kuona mtu anakopa ili apake rangi. Kukopa kwa ajili ya mlango unaofungika, hilo linaweza kujadiliwa, mradi wote wawili wajue riba ni kiasi gani na inalipwa lini.

Fedha taslimu ndani ya nyumba huitwa na kila shida inayobisha hodi. Njia nzuri ni kuigeuza vifaa kidogo kidogo: wiki hii kilo ya misumari, wiki ijayo waya wa kufungia. Ulizeni bei kwa maduka matatu kabla ya kulipa, na risiti zikae mahali ambapo wote wawili mnapajua. Saruji ndiyo msiinunue mapema. Mfuko unaokaa kwenye unyevu miezi kadhaa hugeuka jiwe mkiutazama.

Sasa kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Tuchukue nyumba ya mita 4 kwa 5, kuta zake zina urefu wa mita 2 na sentimita 20 kwenda juu. Kuizunguka ni mita 18, kwa hiyo kuta za nje ni karibu mita 40 za mraba. Ukizikandika kwa unene wa sentimita 2, unahitaji udongo uliokandwa karibu ndoo 40 za lita 20. Maji ya kukandia yanaweza kufika robo ya kipimo hicho au kupita. Hizo ni jerikani kumi au zaidi, bidoni kumi za kupanga foleni kisimani, juu ya maji ya kupikia, kunywa na kufulia. Ni nani anayezibeba? Kama ni mama na binti, basi siku ya kukandika haiwezi kutangazwa na baba peke yake akiwa kilabuni. Anayebeba maji ndiye ajue siku gani yatapatikana. Na baba mwenye baiskeli, jerikani nne zinafungika vizuri nyuma ya kiti.

Tusiruke jambo moja. Ushauri wa leo unafaa kwa wanaoweza kubishana na kulala salama. Kama katika nyumba yako kuuliza habari ya fedha kunaleta kipigo, usijaribu mpango huu ili kumtuliza mtu. Ongea na mfanyakazi wa ulinzi katika makazi yenu, mhudumu wa kituo cha afya, au mama mmoja unayemwamini. Ukuta unaweza kungoja.

(Muziki mfupi.)

Chini kwanza, halafu juu

Nyumba ya udongo huharibika zaidi pale inapokutana na ardhi. Matone yanayotoka kwenye paa hupiga chini, yanaruka na tope, na tope linalamba ukuta. Upenu ukitokeza sentimita 50 hadi 60 nje ya ukuta, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha. Pale maji yanapodondokea, chimbeni mtaro wenye mteremko unaoyapeleka mbali na nyumba. Yasipelekwe kwa jirani. Mfuateni mkubaliane yatapita wapi, kwa sababu mtaro mmoja wa watu watatu ni kazi ya asubuhi moja. Kwenye tako la ukuta pangeni mawe, mjaze udongo mgumu katikati yake na kuushindilia, uinamie nje kama baraza ndogo. Kazi hii haina fedha ndani yake. Ni jembe, sururu na migongo miwili.

Paa tulilizungumza kwa urefu siku nyingine, kwa hiyo nitapita haraka. Shitingi ya msaada ya mita 4 kwa 5 huliwa na jua. Ikifunikwa kwa nyasi juu hudumu zaidi, lakini nyasi na plastiki vyote hupenda moto, basi jiko liwe mbali. Kwa wanaonunua mabati, yale ambayo wengi kule Kivu mnayaita manjanja: namba ya bati ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Namba 32 ni nyepesi kuliko namba 28, na mfanyabiashara hana haraka ya kukueleza hilo. Msumari upigwe juu ya mgongo wa mkunjo, kamwe usipigwe kwenye bonde ambamo maji hupita. Fito na boriti zifungwe kwa waya mpaka kwenye ukuta. Mawe juu ya bati yashusheni. Upepo ukilinyanyua bati, jiwe linatafuta kichwa cha mtu.

Kukandika na kusiriba

Hapa ndipo nyumba inapobadilika sura, na ndipo wengi wanapopoteza wiki nzima kwa sababu hawakufanya majaribio ya siku tatu.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, ni wa shamba. Ondoeni huo, chimbeni wa chini yake. Chukueni chupa ya plastiki iliyo wazi, jazeni udongo robo tatu kasoro, ongezeni maji, tikiseni sana, mwiache itulie mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini kwanza, mfinyanzi utakaa juu. Mnaona kwa macho udongo wenu una kipi kingi.

Halafu changanyeni sampuli tatu: kipimo kimoja cha udongo kwa kimoja cha mchanga, kimoja kwa viwili, kimoja kwa vitatu. Zipakeni ukutani zikiwa na ukubwa wa daftari, kila moja mahali pake, mziwekee alama ya mkaa. Mngoje zikauke kabisa. Iliyopasuka nyufa pana ina mfinyanzi mwingi. Ile inayotoka vumbi ukiisugua kwa kiganja ina mchanga mwingi. Inayobaki imara ndiyo yenu. Kila kiwanja kina udongo wake, kwa hiyo msinakili kipimo cha shemeji anayekaa kijiji cha tatu.

Ongezeni nyasi kavu zilizokatwa fupi, urefu wa kidole, au samadi ya ng'ombe. Nyuzi zake hushika udongo kama vile uzi unavyoshika nguo. Ukandeni kwa miguu, uacheni ulale usiku mmoja au zaidi ukiwa umefunikwa, kisha mkande tena. Ukuta wenyewe usuguliwe ufagiwe vumbi lote na unyunyiziwe maji, la sivyo utakunywa maji ya udongo mpya na kuuacha udondoke. Tabaka la kwanza litupwe kwa nguvu na kubanwa kwa kiganja, unene wa kidole kimoja hivi, likwaruzwe kwa kijiti lingali bichi. Likauke. Nyufa ndogo zitatokea, msishtuke. Tabaka la pili ni la kusiriba: jembamba, mchanga uliochekechwa, mkono laini.

Katika mila za wengi wetu, kuezeka ni kazi ya mwanamume na kusiriba ni kazi ya mwanamke. Sina nia ya kuwavuruga. Nasema tu kwamba mwenye mikono mirefu anafika juu bila kupanda meza, na mwenye mkono laini anamalizia vizuri, na mkigawana hivyo kuta nne hazichukui muda ambao mtu mmoja angeutumia.

Fundi anaweza kuja na kuwaambia, "Wekeni plasta ya saruji, mmalize kabisa." Sikubaliani naye. Saruji ni ngumu, na ukuta wa udongo huvimba na kusinyaa kadiri ya unyevu. Viwili hivyo haviendi pamoja. Baada ya muda saruji hupasuka, maji huingia kwenye nyufa, yanafungiwa nyuma yake, na ukuta unaoza mkidhani ni mzima. Siku plasta inapoanguka, inaanguka na sehemu ya ukuta. Udongo juu ya udongo huhitaji kurudiwa mara kwa mara, ni kweli, lakini unarudiwa kwa ndoo mbili na asubuhi moja.

Lile shimo mlikochimba udongo lifukieni. Likijaa maji, ni mazalio ya mbu, na ni kisima cha kumzamisha mtoto wa miaka miwili.

Sakafu na rangi

Sakafu shindilieni, kisha mpake udongo mfinyanzi na samadi, mrudie kila inapoanza kutoa vumbi. Sakafu iliyoshikana haimpi funza mahali pa kukaa. Nyunyizeni maji kidogo kabla ya kufagia. Samadi isiguse kidonda, na kamwe isiguse kitovu cha mtoto mchanga, maana pepopunda huja na vitu hivyo.

Sasa rangi. Udongo mweupe, udongo mwekundu, majivu, unga wa mkaa: vyote viko karibu nanyi. Chekecheni kwa kitambaa, changanyeni na uji mwepesi wa muhogo uliopikwa ukapoa. Uji ndio unaoshika rangi ukutani isitoke na nguo. Ipakeni ndani, au nje chini ya upenu, kwa sababu mvua ya moja kwa moja huiosha. Chokaa ya dukani hudumu zaidi, ila inaunguza macho na ngozi. Watoto wawe mbali wakati wa kuichanganya. Majirani zetu kutoka Rwanda wanaijua imigongo, ile mistari na pembetatu za samadi na majivu kutoka upande wa Gisaka, zenye nyeusi, nyeupe na nyekundu. Anayejua kuichora hapa makazini mwombeni awafundishe, na mumlipe chochote.

Ndani, ukuta unaotazamana na dirisha uwe mweupe. Hapo taa moja ndogo ya sola inaangaza kama mbili, na mtoto anasoma. Kuta nyingine ni mjadala wenu. Kama mama anataka nyekundu na baba hataki kusikia, kila mmoja apewe ukuta wake na asiulizwe. Nimeona nyumba zenye kuta zisizofanana ambazo zinapendeza kuliko hoteli.

Mkianza mtaro wiki hii, majaribio ya udongo yanaweza kukauka wakati mnachimba. Kuta za nje zitangulie, na ule unaopigwa na mvua ya upepo uwe wa kwanza. Za ndani hata mvua ikiwakuta mnaweza kuendelea, mradi mlango uachwe wazi mchana ili zipate hewa.

Wiki ijayo, siku na saa hii hii, tutazungumzia choo: mahali pa kukichimba, na umbali wake kutoka kisimani. Kwa leo, osheni majembe na karai kabla udongo haujakaukia.

(Muziki wa kufunga.)